Koti la Mwizi

Koti la mwizi liliingia nyumbani kwa Fundi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu. Mumewe alilibeba kwa ncha za vidole, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kama mtu aliyetumwa kutupa panya aliyekufa. Hakulitua kitandani wala kwenye kiti. Alilitua mlangoni juu ya gazeti, akanawa mikono kwa sabuni, ndipo akakumbuka kumsalimia mkewe.

"Mkono wa kushoto umekwisha kabisa," alisema. "Bosi anataka uwe mpya kabla ya Alhamisi. Alhamisi mteja anakuja kumwona Karani."

Koti lenyewe halikuibwa popote. Lilikuwa vazi la turubai nene, ndani limeshindiliwa magunia na pamba, na kazi yake duniani ilikuwa moja tu: kung'atwa. Kwenye yadi ya kufunza mbwa wa ulinzi, alikofanya kazi mumewe, kulikuwa na bwana mmoja mpole, baba wa watoto wanne, asiyeweza hata kuua mende, ambaye kila asubuhi alivaa koti hilo na kutimua mbio ili mbwa wamkamate. Kila mtu alimwita Mwizi. Hata mkewe alimwita Mwizi.

Aliyewafunza mbwa hao ni mume wa Fundi. Mtaani walimwita Mwalimu, mwanzoni kwa kumtania, kisha utani ukasahaulika likabaki jina. Kwa miaka saba alikuwa akifunza mbwa kukaa, kulala, kukamata na kuachia, kwa mshahara wa laki moja na kumi, na katika miaka hiyo saba kila kitu kilikuwa kimepanda bei isipokuwa yeye.

"Sharti unalijua," Mwalimu alisema, akiuonyesha mfuko kwa kidole. "Lisiguse nguo zangu. Lisikae hata karibu nazo. Mbwa akinikuta mimi kwenye koti, kazi imeharibika. Na yule mbwa, Karani, ana pua ya umbea."

"Kila mara unaniambia."

"Safari hii nakuambia mara mbili. Karani akifaulu, Bosi ameahidi kuniongeza ishirini."

Alihesabu elfu nane mezani, za turubai na pamba. Ujira wa kushona ungekuja Jumamosi, Bosi akikumbuka. Fundi alizikunja zile noti akaziweka chini ya mguu wa cherehani, mahali ambapo kwa kawaida pesa hazikai hata usiku mmoja.

Ishirini elfu. Fundi hakuhitaji kuuliza zitafanya nini, maana baba mwenye nyumba alikuwa ameshazitafutia kazi. Wiki iliyotangulia alimkuta Fundi bombani, akasubiri ndoo ijae, akasema kwa upole uliozidi matusi, "Mama, kuanzia mwezi ujao vyumba viwili ni sitini, sio arobaini. Maisha yamepanda. Hata mimi nanunua unga dukani." Kisha akamsaidia kujitwisha ndoo.

Vyumba vyenyewe vilikuwa vidogo, kimoja cha Fundi na mumewe na cherehani, kingine cha Bibi, mama yake Mwalimu, na binti yao wa darasa la sita. Wakishindwa sitini watahamia chumba kimoja, na chumba kimoja hakina nafasi ya Bibi. Ingebidi apelekwe kwa binti yake, wifi yake Fundi, mbali kiasi kwamba kufika zahanati ni safari ya siku nzima, na Bibi anakunywa dawa za presha kila siku. Hakuna aliyemwambia Bibi neno. Lakini Jumapili Fundi alimkuta anakunja nguo zake kwenye kifurushi.

"Unafanya nini, mama?"

"Napanga tu, mwanangu. Mimi sina mzigo. Nguo mbili na kopo la dawa, basi."

Fundi alitoka nje akajifanya anaanua nguo. Kamba ilikuwa tupu.

Kopo la dawa pia lilikuwa tupu, na hilo aligundua Jumatatu alipolitikisa. Alichukua elfu nane za turubai akaenda nazo dukani kwa muuza dawa, akijiambia kwamba anakwenda kuuliza bei tu.

"Elfu sita na mia tano," muuza dawa alisema bila kuinua macho.

"Mwezi uliopita zilikuwa elfu nne na mia tano!"

"Zimepanda, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Nyuma yake watu walikuwa wamepanga foleni, na mmoja alikohoa kile kikohozi cha kumfukuza mtu. Fundi alilipa. Zilibaki elfu moja na mia tano, na kwa hizo alipata kipande cha turubai cha kuzungushia mkono wa koti. Pamba alisikia habari zake tu.

Alishona ganda la nje vizuri, mshono mara tatu, kwa maana mikono yake haikujua kulipua kazi. Ikabaki kulijaza. Alivuta sanduku la chini ya kitanda. Mlikuwa na mashati matano ya kazi ya mumewe, yaliyochakaa hadi kutofaa kutiwa viraka tena. Sharti alilikumbuka, hakuweza kusingizia kusahau. Lakini alijiambia kwamba lililokatazwa ni koti kugusana na nguo kwa nje. Ndani, chini ya turubai na mshono mara tatu, nani atajua? Alilifikiria jambo hilo kama fundi, sio kama mbwa, na hapo ndipo alipokosea.

Aliyakunja mashati matano akayashindilia. Mkono ukajaa, isipokuwa kwenye kiwiko, pakabonyea. Akageuka huku na huku. Kwenye beseni la nguo chafu palikuwa na shati la bluu, kola imetafunika, kwapa zimepauka kwa jasho. Mwalimu alilivaa siku alipokwenda kwao kumposa, na tangu hapo hakukubali kulitupa. Fundi alikata vifungo kwanza, kwa kuwa kifungo ni kifungo, akavitia kwenye kopo lake. Kisha akalisukuma shati ndani ya kiwiko, likiwa na jasho lake vilevile, akafunga mshono.

Siku ya pili Mwalimu aliuliza, "Shati langu la bluu liko wapi?"

"Nililianika," Fundi alisema, na uongo ukamtoka mwepesi kuliko alivyotarajia. "Nilivyorudi sikulikuta."

Mwalimu alikuwa mtu wa taratibu, lakini kwa shati lile alisahau taratibu. Alitoka uani akamuuliza jirani wa mlango wa tatu, mbele ya watu waliokuwa wakichota maji, kama hajaona shati kwenye kamba, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata jibu. Jirani yule, mjane anayeuza mitumba, alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Mimi nauza nguo za watu waliokufa Ulaya, shemeji. Hilo tambara lako nilipeleke wapi?"

Uwanja mzima ulicheka. Tangu siku hiyo jirani hakuitikia salamu yao tena. Fundi alisikia yote kutoka ndani, mguu uko juu ya pedali ya cherehani, na hakutoka.

Alhamisi Mwalimu alirudi jua likiwa bado kali, saa ambayo hajawahi kurudi. Alivua viatu, akaviweka sambamba ukutani, akakaa. Bibi alikuwa mlangoni anachambua mboga, binti anaandika kwenye meza ya cherehani.

"Karani hakuuma," alisema.

"Eh! Anaumwa?" Bibi aliuliza.

"Haumwi. Mwizi alikimbia, nikasema 'kamata,' akatoka kama risasi. Aliruka, akaushika mkono wa kushoto, mteja akapiga makofi." Akakuna goti. "Halafu akauachia. Akaunusa. Akaanza kutingisha mkia, akaulamba ule mkono kuanzia begani mpaka kwenye vidole, akalala miguuni kwa Mwizi kama mtoto."

Binti alicheka, kisha akaona nyuso za wakubwa akaacha.

Fundi aliona lile shati la bluu kama vile lipo mezani. "Na Bosi?" aliuliza.

"Bosi amesema nimefunza mbwa wa kubembeleza wageni. Mteja ameondoka. Karani atauzwa bei ya kutupa, na mimi Jumatatu narudi kuosha mabanda. Sabini." Alisema sabini kwa sauti ileile ambayo mtu anataja saa. "Bosi anasema labda kazi imenizidi."

"Lakini wewe unajua ni kwa nini?" Fundi aliuliza.

Mwalimu alimtazama mara moja tu, kisha akainama kunyoosha viatu ambavyo tayari vilikuwa vimenyooka. "Mbwa ni mbwa," alisema. "Ana siku zake."

Bibi aliweka mboga chini. "Basi mwanangu, msisumbuke. Mimi kwa dada yako nitakaa vizuri tu. Kule kuna hewa."

Mtu yeyote akisifia hewa ujue hana kingine cha kusifia. Fundi aliinuka akaingia chumba cha Bibi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Aliona aibu hadi ngozi ikamwasha. Elfu sita na mia tano ndizo zilizomshusha mumewe kutoka laki na kumi hadi sabini, na mwanamume mwenyewe ameketi pale anamsingizia mbwa.

Ijumaa asubuhi, mumewe alipokwisha kutoka, alifunga mkasi na wembe wa kufumulia kwenye kitambaa, akaenda yadini kwa miguu.

Hakuwa amewahi kufika huko. Alikuta ua wa mabati, mabanda ya waya yamepangwa mistari miwili, na harufu ya dawa ya choo na nyama. Mbwa walibweka wote kwa pamoja mpaka akaziba masikio. Mmoja tu hakubweka. Alikuwa mwekundu mwenye masikio yaliyosimama, ameketi wima kama anayeandika maelezo ya mkutano, na Fundi akajua bila kuambiwa kwamba huyo ndiye Karani. Karani alinyanyua pua, akavuta hewa kuelekea kwake, akaanza kutingisha mkia. Fundi alitamani ardhi ipasuke.

"Shemeji!" Mwizi alikuja mbio. "Kuna usalama nyumbani?"

"Kuna usalama. Nataka koti."

"Koti? Jana nilimwambia Mwalimu, tulifumue tuone kuna nini humo ndani, alikataa katakata. Nusura anipige."

Fundi alisimama. "Alikataa?"

"Alisema mshono wa mke wake haufumuliwi na mtu."

Bosi alitokea ofisini na kikombe cha chai mkononi, mtu mnene mwenye kofia, na Mwalimu akatoka nyuma ya mabanda na ndoo. Alipomwona mkewe na ule mkasi, aliitua ndoo chini polepole.

"Rudi nyumbani," alisema.

"Sirudi." Fundi alimgeukia Bosi. "Bosi, shikamoo. Mimi ndiye ninayeshona koti lako. Mbwa hana kosa, na aliyemfunza hana kosa."

Hakungoja kuruhusiwa. Alilitoa koti msumarini lilipotundikwa, akaliweka juu ya meza ya mbao, akapiga moyo konde, akauchana ule mshono wa mara tatu. Akavuta shati la kwanza, la pili, la tatu. Kila moja lilitoka limekunjamana, na viraka vyake, na kola yake iliyogeuzwa mara mbili, na wafanyakazi walikuwa wamesogea kutazama. La mwisho lilikuwa la bluu. Mwalimu alifumba macho.

"Ulinitumia pesa za pamba," Fundi alisema. "Nikanunua dawa ya mama mkwe wangu. Nikajaza hivi."

"Pesa ngapi?" Bosi aliuliza.

"Elfu sita na mia tano."

Bosi alimtazama, kisha akaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. "Sita na mia tano! Huyu Karani anazila kwa siku mbili!" Wengine walicheka kwa sababu Bosi amecheka. Fundi alisimama wima na shati mkononi. Matusi angeyastahimili vizuri zaidi.

Bosi aliacha kucheka ghafla, ikaonekana kuna hesabu imempitia kichwani. "Ngoja kwanza. Yaani huyu mbwa alimtambua mtu wake kupitia turubai? Akiwa kwenye mbio?" Aliitoa simu.

Mteja alirudi kabla ya adhuhuri. Mkono ulikuwa umejazwa upya kwa magunia ya chakula cha mbwa, Fundi ameushona palepale kwa sindano ya mkono. Mwizi alikimbia. Mwalimu alisema neno moja, na Karani akamwangusha Mwizi chini, akaushika ule mkono akautikisa mpaka vumbi likatimka. Mwalimu akasema "acha," na meno yakaachia saa ileile. Fundi hakuwa amewahi kumwona mumewe kazini. Hakujua kwamba sauti yake, ile ambayo nyumbani haisikiki hata kwa mwenye nyumba, ina nguvu kiasi hicho. Alijivuna, na katikati ya kujivuna akasikia uchungu.

Bosi alimweleza mteja kisa chote, mashati na kila kitu, akimwonyesha Fundi kwa kidole. Mteja alicheka, akatikisa kichwa, akasema mbwa wa namna hiyo hajapata kumsikia. Bei ya jana ilikuwa laki tisa. Leo Bosi alisema milioni.

"Laki moja ni ya pua," alieleza, na mteja akalipa.

Gari la mteja lilipoondoka na Karani nyuma kwenye waya, ametazama yadi mpaka kona, Bosi aliwaita wote wawili.

"Mabanda hutaosha," alimwambia Mwalimu. "Kazi yako unaijua, nimeona. Utabaki palepale kwenye laki na kumi. Lakini nyongeza isahau."

"Bosi, ulisema mbwa akifaulu..."

"Jana ulijua au hukujua?"

Mwalimu alimtazama mkewe. "Nilijua," alisema. "Alipoanza kulamba kiwiko, nilijua."

"Ukaniacha nimpoteze mteja. Mtu anayenificha jambo kwa ajili ya mke wake, kesho atanificha kwa ajili ya nani? Shukuru sijakufukuza. Na wewe mama, koti langu nitapata mtu mwingine wa kushona."

Fundi alikuwa ameshageuka aondoke. Alirudi. "Bosi, naomba kuuliza. Hiyo laki ya pua ni ya nani?"

Mwizi aliangalia viatu vyake.

"Ya mbwa," Bosi alisema. "Mfuate ukamuulize."

Jioni walirudi pamoja, mashati yamo kwenye mfuko wa plastiki. Walitembea hadi karibu na nyumbani.

"Kwa nini hukusema jana?" Fundi aliuliza.

"Niseme nini? Kwamba mke wangu ni mwizi?" Alivuta pumzi. "Mwizi tunaye mmoja pale. Anatosha."

Fundi alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia, watu wanapita. Mwalimu alisimama kando yake na mfuko. Hakumbembeleza, lakini hakutangulia.

"Pesa sijakasirikia," alisema alipoona ametulia. "Dawa ni ya mama yangu. Lakini umenifanya nimwaibishe mjane wa watu mbele ya bomba."

Kesho yake Fundi aliyafua mashati sita, akayaanika kwenye kamba ya uani, la bluu katikati, halina kifungo hata kimoja, kiwiko kimetobolewa matundu mawili ya meno. Alisimama chini yake mpaka jirani wa mlango wa tatu akatoka.

"Kumbe limerudi," jirani alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwao tangu siku ile.

"Halikwenda popote, dada. Nilikuwa nalo mimi. Nilidanganya." Alisema kwa sauti, maana na watu wa bombani walikuwa wakisikiliza, na wao ndio waliocheka. "Nisamehe."

Jirani alilitazama shati kwa muda mrefu. "Kusamehe ni kazi ya siku nyingi," alisema hatimaye. "Nasikia ile sitini imewashinda. Mnahama lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Kile kitanda chenu hakipiti mlangoni bila kufunguliwa. Nina spana."

Chumba kipya kilikuwa kimoja, nyuma ya gereji, thelathini na tano kwa mwezi. Kitanda kiliingia, cherehani ikaingia, godoro la binti likasimamishwa ukutani mchana. Kwa wifi hapakupigwa simu. Mwalimu alipima kwa hatua pembe iliyobaki, akapima tena, kisha akafunga waya kutoka ukuta hadi ukuta. Fundi alielewa. Aliketi akayachana mashati sita, akaunganisha migongo na vifua na mikono, mpaka likapatikana pazia la viraka vya rangi zote, la bluu likiangukia usawa wa mto.

Bibi aliingia na kifurushi chake, akaketi nyuma ya pazia. Walimsikia akipanga kopo la dawa na nguo zake mbili.

"Fundi."

"Abee, mama."

"Hili pazia lina harufu ya mwanangu."

Fundi alisimamisha cherehani. Mwalimu, aliyekuwa juu ya kiti akipiga msumari, alibaki na nyundo mkononi.

"Nimelifua mara mbili, mama. Nitalifua tena kesho."

"Hapana," Bibi alisema. "Liache."